Baiskeli ya Sebuleni

Mimi nina wivu. Naanza na hilo ili mtu asije akasoma mpaka katikati akadhani nilikuwa napigania afya ya mume wangu. Afya ilikuwapo, ndiyo, na ile mashine tuliinunua kwa jina la afya, lakini aliyeichagua ni wivu. Ninao tangu usichana, nimezaa nao watoto watatu, na mume wangu aliuona kabla hata ya posa akanioa vilevile. Asijifanye hakuambiwa.

Yeye ni karani bandarini, Kigoma mjini. Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani kwetu Buzebazeba, sebuleni, karibu na dirisha. Miaka kadhaa iliyopita daktari alimpima sukari akamwambia achague moja, atoke jasho au ameze vidonge. Akachagua jasho. Akanunua baiskeli ya mashindano iliyokwisha kutumika, zile nyembamba zenye usukani uliojikunja kama pembe za kondoo, akajiunga na kundi la watu wanane hivi wanaoendesha kila Jumapili asubuhi.

Kundi lile lina desturi yake ya kupitiana. Hawakutani mahali. Wa kwanza anatoka kwake anampitia wa pili, wawili wanampitia wa tatu, wanakwenda hivyo mpaka msafara umetimia. Kila nyumba wanapiga kengele, mwenyewe anatoka, wanaondoka. Wanapanda vilima mpaka Mwandiga, wanageuza, wanashuka mpaka Bangwe ufukweni, wanakula samaki wa kuchoma, kisha kila mtu anarudi kwake. Asiyepitiwa hajipeleki. Ukijipeleka unaonekana umedandia.

Sikuwa na neno. Wanaume wenye vitambi wakihema kwenye vilima, wivu wa nini? Nilikuwa nalala Jumapili mpaka jua likaingia chumbani. Kisha kundi likapata mwanamke.

Alikuwa nesi aliyehamia kutoka Mwanza, hana mume, amepanga nyumba mtaa wa pili kutoka kwetu. Ana miguu. Miguu tunayo wote, najua, lakini ya kwake ilikuwa kwenye kaptula ya kubana, tena inapita mlangoni kwangu. Alivaa helmeti nyekundu, na kwa kuwa jina lake sikutaka hata kulishika ulimini, nilimwita Helmeti. Na kwa kuwa alikaa karibu nasi kuliko wengine wote, kwa ile desturi yao ya kupitiana ikawa yeye ndiye anayempitia mume wangu. Yeye na kengele yake, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mlangoni kwangu. Siku ya kwanza alinisalimia kwa adabu, "Shikamoo, dada." Nikaitikia marahaba huku nikihesabu. Tumepishana miaka mingapi mpaka anipe shikamoo? Hilo nalo liliniuma.

Nilijikaza. Nilijikaza mpaka siku wifi yangu, dada wa mume wangu, aliporudi kutoka Bangwe kununua dagaa. Akaweka ndoo chini, akakaa, akajipepea na upande wa kanga. Nikajua ana jambo.

"Wifi," akasema, "kumbe kaka siku hizi anachambuliwa mgebuka?"

Mtume! Kwetu huku mgebuka, samaki wa ziwa letu, huchambuliwi na mtu yeyote tu. Mama anamchambulia mtoto miba. Mke anamchambulia mume, tena siku ambayo amefurahi naye. Mgeni unamchambulia siku ya kwanza, ya pili anajitegemea. Sasa mume wangu alikuwa mtoto wa Helmeti, au mgeni wake?

"Umeona kwa macho yako?"

"Kwa haya mawili. Anatoa miba, anasogeza mnofu upande wa kaka. Kaka anakula tu." Wifi akacheka. "Lakini usinichongee."

Mchana ule mume wangu alipoingia, jasho limekauka mgongoni, nilimuuliza wamekula nini.

"Samaki."

"Alikuwa na miba?"

"Samaki gani hana miba, mke wangu?"

Nikakata uzi kwa meno, nikaendelea kushona. Gauni nililokuwa nashona siku ile lilirudishwa na mwenyewe, mkono mmoja nilikuwa nimeupachika ndani nje. Naona wivu: maneno mawili tu, na sikuyatamka. Nilisema mengine. Nilisema malori ya barabara ya Mwandiga hayana breki. Nilisema vumbi linaharibu mapafu. Masika ilipoanza nikasema utelezi, na Mungu anisamehe, mmoja wao alipoanguka akachubuka kiwiko nilimtembelea mgonjwa na maandazi, moyoni nashangilia.

Ndipo nikaiona ile video. Kwenye simu, mzungu mmoja anaendesha baiskeli chumbani kwake, haendi popote, jasho linamtiririka, mbele yake kioo kinaonyesha milima. Nilitazama mara tatu. Baiskeli ndani ya nyumba! Mwanamume anafanya mazoezi yake, sukari inashuka, na mke wake yuko hapo hapo anamwona. Roho yangu kwatu.

Jioni nikamwonyesha. Nilidhani atakataa, kumbe masika ilikuwa imemchosha na yeye. Akasema wenzake wawili walishawahi kuzungumzia mashine hizo. Akatafuta duka Dar es Salaam, tukampigia muuzaji kwa video, mwanaume mmoja mpole mwenye sauti ya mtangazaji wa redio. Akatuonyesha aina mbili.

Ya kwanza unaiacha baiskeli yako kama ilivyo. Gurudumu la nyuma linakaa juu ya kirola, tairi linasugua kirola, na kirola ndicho kinachokuletea uzito wa mlima. Ya pili ni ya moja kwa moja. Unatoa gurudumu la nyuma lote, fremu unaipachika kwenye mashine yenyewe, na cheni inazungusha gia zilizo kwenye mashine. Zote zinaongea na simu au kishikwambi. Mlima ukitokea kwenye kioo, mashine inakaza yenyewe, nawe unatafuta pumzi.

Mume wangu aliipenda ya kwanza. Ni nyepesi, bei yake inapumua, na kuitoa baiskeli ni kazi ya dakika moja. "Mvua ikiisha naichomoa, natoka," akasema. Atoke! Kwa dakika moja!

Nikasogea kwenye simu. "Samahani kaka. Na hii nyingine, gurudumu linakwenda wapi?"

"Linakaa pembeni, mama."

"Na akitaka kutoka nayo nje?"

"Itabidi alirudishe, apange cheni, aangalie breki. Wengi wanaonunua hii wanakuwa na baiskeli mbili, moja ya nje, moja ya ndani."

Sisi tulikuwa na moja.

Nikamgeukia mume wangu nikaanza kumwaga elimu. Nilimwambia mimi napiga pedeli miaka yangu yote, na mkanda wa cherehani ukilegea unateleza, mguu unafanya kazi na sindano imekaa. Tairi juu ya kirola litateleza vilevile, na litalika, na tairi za saizi yake kuzipata hapa Kigoma ni shughuli. Nilimwambia kirola kinapiga kelele, na mimi napokea wateja pale pale sebuleni. Nilimwambia kama anataka kujua kweli ametumia nguvu kiasi gani, ya moja kwa moja haibahatishi, maana haina mpira katikati. Muuzaji akasema mama yuko sahihi kabisa. Na nilikuwa sahihi! Hata leo mtu akiniuliza, kwa kila kipimo, ile ndiyo mashine bora. Ndicho kinachonichoma mpaka leo, kwamba sikusema uongo hata mmoja.

Nikamwambia mume wangu ahesabu gia za nyuma za baiskeli yake. Tisa. Muuzaji alikuwa tayari ametuwekea ya gia kumi na moja, cheni isingekaa. Nikauliza ekseli ya nyuma, ile nyembamba ya kubana kwa mkono au ile nene ya kupenyeza, na kama vifaa vya kushikia vinakuja ndani ya boksi. Nikauliza mashine ina uzito gani, itasimama imara kwenye sakafu ya saruji au itacheza.

"Mama, haya umesomea wapi?" muuzaji akauliza.

"Kwenye ndoa," nikamjibu. Wakacheka wote wawili, na mimi nikacheka nao. Mume wangu aliniangalia kidogo, halafu akasema haya, tuchukue hiyo.

Mzigo ulikuja na treni. Mama mkwe alitoka Ujiji kuja kuuona, maana kwao kitu kipya hakianzi kutumika kabla hakijasomewa dua. Akasoma, tukaitikia amina, tukanywa kahawa. Kisha akaizunguka ile mashine, baiskeli imepachikwa, haina gurudumu la nyuma.

"Inakwenda wapi hii?"

"Haiendi popote, mama," nikamwambia.

"Na mwanangu anafukuzwa na nani?"

Nilimwongezea kahawa. Lile gurudumu nilikuwa nimelifunga kwenye kanga ya zamani, nikalipandisha juu ya kabati la nguo.

Jumapili ya kwanza kengele ilipopigwa nilitoka mimi. Nimejifunga kanga nzuri, nimejitanda. Helmeti ameweka mguu mmoja chini. Nikamwambia leo anaendesha ndani, tumeleta mashine. "Hongereni," akasema. Jumapili ya pili nikatoka tena, na ya tatu. Ya nne kengele haikupigwa. Niliwasikia wakipita barabarani wakicheka, mmoja wao anawapigia salamu ya Kiha, "Mwakeye!" wanawake waliokuwa wakienda shambani, na sauti zao zikapotea upande wa Mwandiga. Nikarudi kulala. Nililala kwa raha ambayo sikuwa nimeipata miezi mingi.

Basi tukakaa. Mimi kwenye cherehani, yeye kwenye baiskeli, hatua nne katikati yetu, wote tunapiga pedeli. Mashine kimya kabisa, unasikia cheni tu. Nilimpikia mgebuka, nikamchambulia miba yote mpaka mnofu ukabaki kama pamba. Alikula akasema ahsante.

Ungedhani nimetosheka. Thubutu! Wiki ya pili nikagundua kwamba ndani ya kile kishikwambi alichokiweka mbele ya baiskeli kuna watu. Si katuni tu. Kila katuni ni mtu wa kweli, yuko mahali fulani chumbani kwake anaendesha, na wanaweza kupeana dole gumba kama salamu. Nikaona kikatuni kimoja kina nywele zimefungwa nyuma, kinaendesha sambamba na cha mume wangu, na dole gumba likaruka.

"Nani huyo?"

"Sijui. Yuko Uholanzi, bendera ndiyo inasema."

"Mbona anakupa dole?"

"Nimempita kwenye mlima, mke wangu. Ni heshima tu."

Nikakigeuza kishikwambi kidogo, ili na mimi nikiwa kwenye cherehani nione. Nilimwonea wivu mwanamke wa kuchorwa! Wifi alipojua alicheka mpaka akakaa chini, akasema niende nikampige Uholanzi.

Lakini kuna kitu kilianza kupungua nyumbani, na nilichelewa kukiona kwa sababu macho yangu yalikuwa kwenye kioo. Zamani mume wangu alikuwa akirudi Jumapili na mdomo umejaa. Nani anajenga Mwandiga, lori la mawese limekwama wapi, wavuvi wa Bangwe wamegombania nini, yule mwalimu wa kundi lao amesukuma baiskeli mlima mzima akisingizia cheni. Alikuwa anasimulia akiwa bado na viatu. Sasa anashuka kwenye baiskeli, anafuta sakafu jasho lake, anakwenda kuoga. Nikimuuliza, "Vipi leo?" ananiambia, "Vizuri." Atasimulia nini? Nilikuwapo. Sukari ilishuka, daktari akampa mkono, na yeye akashukuru kwa sauti ile ile anayomshukuru nayo mtu aliyempa chenji.

Alasiri moja umeme ukakatika. Feni ikasimama, kishikwambi kikapoteza mtandao, ile milima ikaganda. Mashine hiyo ikikosa umeme inakuwa haina uzito, miguu inazunguka bure. Nilidhani atashuka. Hakushuka. Aliendelea kupiga pedeli, uso umeelekea ukutani, ukuta wetu ule wa rangi ya maziwa wenye ufa.

"Baba watoto, umeme umekatika."

"Najua."

"Si ushuke?"

"Nishuke niende wapi?"

Hakusema kwa hasira. Laiti angesema kwa hasira, ningemjibu, hasira naziweza mimi. Alisema kama anauliza kweli na hajui jibu. Miguu ikaendelea kuzunguka, na mimi nikaogopa. Niliogopa kama siku mwanangu wa kwanza alipopata homa akaacha kulia.

Nikaenda chumbani, nikapanda stuli, nikalishusha lile gurudumu. Nikalifungua kanga. Nikarudi sebuleni nikapiga magoti nyuma ya baiskeli nikaanza kuhangaika na ekseli. Ikabidi ashuke.

"Unafanya nini?"

"Jumapili uende Bangwe."

Akakaa kwenye kiti cha wateja. Alinitazama muda, mikono yangu imejaa grisi.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Siku ile ya simu. Ulipouliza gurudumu linakwenda wapi. Nilikuona usoni."

Nikaiachia ekseli. "Ulijua na ukakubali?"

"Nilikubali. Nilisema moyoni, huyu akiniona kila siku, kila saa, nipo hapo mbele yake, ipo siku atatosheka. Atapumua, na mimi nitapumua." Akajifuta uso kwa taulo. "Juzi nilipokuwa naoga ulikipekua kishikwambi. Nilikiacha kinatazama dirishani, nikakikuta kinatazama mlango. Sasa nikuulize. Nikae ndani mpaka lini?"

Nililia. Nililia kwa aibu, na kidogo kwa hasira kwamba amenishika. Hakuja kunibembeleza, na alifanya vizuri.

"Naona wivu," nikamwambia. "Naona wivu mpaka naumwa."

"Hilo najua. Sijui tu unataka niwe wapi."

Tulilirudisha gurudumu pamoja, yeye akapanga cheni. Lakini alipomaliza akasema haendi. Hapitiwi tena, na hawezi kujipeleka. Wenzake walipiga kengele Jumapili tatu, mke wake akatoka mara tatu. Kwa watu wale hilo ni jibu tosha. Na anayetakiwa kumpitia, kwa mpangilio wa nyumba, tunamjua wote ni nani.

Kesho yake nikavaa baibui nikaenda mtaa wa pili. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, yote yakayeyuka. Helmeti alikuwa ukumbini, anapiga pasi sare zake za kazi. Akaniwekea kiti.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nimekuja kukuomba umpitie mume wangu Jumapili."

Niliisikia sentensi hiyo ikitoka kinywani mwangu nikashindwa kuamini. Na yeye pia. Akaisimamisha pasi.

"Wewe ndiye unayeniomba?"

"Mimi."

Nilitaka nimuulize habari za mgebuka, swali lilikuwa hapa kooni, nikalimeza. Mpaka leo sijauliza.

"Sawa, nitampitia," akasema. "Lakini na mimi nikuombe kitu, dada. Nikija mlangoni kwako usinitazame vile."

"Vile vipi?"

"Vile unavyonitazama sasa hivi."

Nikainama nikatazama sakafu yake. Ilikuwa safi kuliko yangu.

Jumapili alimpitia, mume wangu akatoka. Nilisimama mlangoni, nikaangalia baiskeli, sikuangalia kaptula, na Mungu ni shahidi kwamba hiyo ni kazi. Walipokunja kona simu ilikuwa tayari mkononi mwangu. Sikupiga. Nilishona pindo nikalifumua, nikalishona tena, sikupiga.

Jumapili iliyofuata nilipiga. Akapokea mara moja, upepo wa ziwa unavuma kwenye simu, nyuma yake watu wanacheka, na sauti ya mwanamke imo. Nilikuwa sijajiandaa cha kusema. Hakuniuliza nataka nini.

"Nipo," akasema.

Nikakata simu, nikarudi kwenye cherehani.